Sindano Haina Macho: Jinsi Picha Mbili Zinavyomwongoza Daktari Kwenye Uvimbe

Kama umewahi kuleta mahindi soko la Tandale, bambo unalijua. Ni kile chuma kilichochongoka mbele, chenye mfereji katikati. Mnunuzi hafungui gunia lako. Huchoma bambo ubavuni mwa gunia, punje zikateremka kiganjani, akazitazama, akatafuna mbili tatu. Basi, ameshajua kama mahindi yamekauka au yameingiliwa na wadudu. Gunia linabaki limeshonwa vile vile.

Hospitali nazo zina bambo lao. Ni sindano yenye uwazi ndani, nyingi zikiwa na unene wa milimita moja na kidogo. Daktari akiona uvimbe mwilini asioujua ni wa nini, huichoma sindano hiyo mpaka ndani ya uvimbe akatoa kipande chembamba cha nyama, kama kipande cha tambi. Watu wetu hukiita "kinyama". Kinyama hupelekwa maabara, mtaalamu wa patholojia akakitazama kwa hadubini. Yeye ndiye anayesema: hii ni saratani, au si saratani, na kama ni saratani ni ya aina gani. Bila jibu hilo daktari wa saratani mara nyingi hawezi kuchagua dawa. Ni sawa na kununua gunia kwa kulipapasa.

Lakini mwili si gunia. Gunia la mahindi ukilichoma popote utatoka na mahindi. Ini ukilichoma popote hutatoka na uvimbe. Uvimbe wenyewe unaweza kuwa na ukubwa wa ndimu, umekaa ndani kabisa, ubavuni pake mshipa mkubwa wa damu, juu yake pafu, chini yake utumbo. Sindano ikipita sentimita moja pembeni, maabara italetewa nyama nzima isiyo na ugonjwa, jibu litoke "hakuna saratani", na mgonjwa arudi nyumbani akishangilia huku ugonjwa unaendelea kukua. Kosa la namna hiyo ni baya kuliko kukosa jibu.

Sindano haina macho. Macho yake ni picha. Katika somo hili tutaona picha hizo ni zipi, kwa nini moja mara nyingi haitoshi, na mgonjwa mwenyewe ana kazi gani katika jambo hili. Maana kazi anayo.

KILA PICHA NA UPOFU WAKE

Picha ya kwanza kuvumbuliwa ni eksirei. Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua mionzi inayopenya nyama na kuzuiwa na mfupa. Eksirei ni kivuli. Weka mkono wako mbele ya taa usiku, utazame ukutani: utaona vidole, lakini huwezi kusema kidole kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Ndivyo eksirei ilivyo. Uvimbe laini ndani ya ini kwa kawaida haionyeshi kabisa.

Ya pili ni ultrasaundi. Akina mama wanaijua vizuri kutokana na kliniki ya wajawazito. Hii haina mionzi, hutumia sauti. Sikio la mtu husikia sauti inayotikisika mpaka mara 20,000 hivi kwa sekunde. Mashine hii hutoa sauti inayotikisika mara milioni kadhaa kwa sekunde, kisha husikiliza mwangwi unaorudi na kuuchora kwenye kioo. Popo naye huona njia gizani kwa jinsi hiyo hiyo. Ian Donald na wenzake wa Glasgow, huko Uskoti, ndio waliotangaza mwaka 1958 kwamba njia hii inafaa kutambua uvimbe wa tumboni.

Sifa kubwa ya ultrasaundi ni kwamba inaonyesha mambo yanapotendeka. Daktari akisukuma sindano, anaiona inavyotembea kwenye kioo, kama mstari mweupe. Mgonjwa akivuta pumzi, daktari analiona ini likishuka. Hakuna picha rahisi kuliko hii kwa kazi ya sindano. Ila ina upofu wake. Sauti hiyo haivuki hewa wala mfupa. Ndiyo maana mgonjwa hupakwa ule ute wa baridi, ili hewa isibaki kati ya ngozi na mashine. Utumbo ukijaa gesi, au uvimbe ukijificha chini ya mbavu, kioo kinaonyesha giza tu. Tena upo uvimbe ambao mwangwi wake unafanana sana na wa ini lenyewe. Upo pale pale mbele ya macho, lakini hauonekani.

Ya tatu ni siti-skani. Hapa mionzi ya eksirei huzungushwa kumzunguka mgonjwa, kisha kompyuta hukokotoa na kuutoa mwili kwa slesi, kama mkate uliokatwa. Kila slesi unaitazama peke yake. Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha hii kichwani alipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine ya Mwingereza Godfrey Hounsfield. Lakini hesabu zake zilianza kufikiriwa huku kwetu Afrika. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulitafakari jambo hilo mwaka 1956 akifanya kazi hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Siti-skani haijali gesi wala mbavu. Mgonjwa akichomwa ile dawa ya kung'arisha picha kwenye mshipa, uvimbe wa ini hujitokeza waziwazi. Tatizo ni kwamba hujitokeza kwa muda mfupi. Dawa inapita na damu, na baada ya dakika chache uvimbe na ini vinaweza kufanana tena. Picha uliyonayo ni ya dakika ile iliyopita. Sasa hivi mgonjwa anapumua, ini limehama. Kisha kuna mionzi, ambayo si ya kuirudia rudia ovyo.

MRI hutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio, haina mionzi ya eksirei. Kwa ubongo na tezi dume hiyo ni bingwa. Lakini mgonjwa hulazwa ndani ya kitu kama pipa refu, kwa muda mrefu, na chuma cha kawaida hakiruhusiwi kusogea hapo. Kwa hiyo kumchoma mtu sindano akiwa humo ni shughuli nzito.

Sasa umeliona tatizo. Inayoona vizuri haitembei na sindano. Inayotembea na sindano, mara nyingine haioni.

RAMANI YA TANDALE, RAMANI YA INI

Wakazi wa Tandale watakumbuka mwaka 2011. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na vijana wa mitaa walipita vichochoroni wakitengeneza ramani ya kata nzima. Picha iliyopigwa kutoka angani walikuwa nayo, inaonyesha mabati yote. Lakini picha ya angani haikuambii kisima kiko wapi chini ya bati, wala choo kipi kinafurika. Miguu ya vijana ndiyo iliyoyajua hayo. Na miguu peke yake nayo, ndani ya vile vichochoro, hupotea. Ikabidi viunganishwe: picha ya juu na habari za chini.

Vinaunganishwaje? Kwa alama. Unatafuta kitu kinachoonekana kwenye picha zote mbili, kama msikiti au pale Mto Ng'ombe unapopinda. Ukishazilaza alama mbili tatu hizo, vingine vyote hukaa mahali pake.

Ndani ya ini alama ni njiapanda za mishipa ya damu. Mshipa mkubwa unapogawanyika mara mbili, pacha hiyo huonekana kwenye siti-skani na huonekana kwenye ultrasaundi pia. Daktari akiipata pacha hiyo kwenye picha zote mbili, anaweza kusema: kwenye siti-skani uvimbe uko sentimita tatu kulia kwa pacha, basi hata kama kwenye ultrasaundi siuoni, uko hapa.

Njia ya kwanza ya kuunganisha ni kichwa cha daktari mwenyewe. Anaitundika siti-skani mbele yake, anashika ultrasaundi mkononi, macho yanakwenda huku na kurudi kule. Haina gharama ya mashine mpya, ila inataka daktari aliyezoea. Tusiidharau. Kazi nyingi za sindano hufanywa hivi, kwetu na ng'ambo.

Njia ya pili ni kupokezana. Tuchukue mfano unaowagusa wengi. Saratani ya mlango wa kizazi ikikua, huweza kubana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Mkojo unarudi nyuma, figo zinavimba, mwisho zinashindwa kazi. Mgonjwa anaweza kufa kwa figo kabla hata tiba ya saratani haijaanza. Sasa daktari hutumia ultrasaundi kuiona figo iliyojaa maji na kuingiza sindano. Sindano ikishafika, ultrasaundi inakaa pembeni. Huingizwa dawa inayoonekana kwenye eksirei, na eksirei ya moja kwa moja, ile inayotoa picha kama sinema, huonyesha waya na mpira vinavyopita mpaka mkojo utoke nje kwenye mfuko. Hakuna kupasua kwa kisu. Ni tundu dogo mgongoni. Mirija ya nyongo iliyozibwa na uvimbe wa kongosho huzibuliwa kwa mpango huo huo, na yale macho ya njano ya mgonjwa huanza kupungua.

Njia ya tatu ni kompyuta. Kando ya kitanda huwekwa kifaa kinachotoa uga dhaifu wa sumaku, na kwenye mkono wa ultrasaundi hufungwa kitambuzi kidogo. Kompyuta basi inajua mkono huo uko wapi na umeelekea wapi. Siti-skani au MRI ya mgonjwa ilishaingizwa humo. Daktari anazilinganisha alama, na kuanzia hapo kila anaposogeza mkono, picha ile ya zamani nayo husogea sambamba kwenye kioo. Upande mmoja picha ya sasa, upande mwingine picha iliyouona uvimbe.

Je, yote haya yana faida, au ni mbwembwe za mashine? Kwenye tezi dume jibu limepimwa. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wanaume 500 katika nchi 11. Nusu walichomwa sindano kwa mpango wa zamani, yaani ultrasaundi na kuchoma sehemu 10 mpaka 12 za tezi kwa kubahatisha. Nusu nyingine walipigwa MRI kwanza, na sindano ikaelekezwa pale tu MRI ilipoonyesha shaka. Mpango wa zamani ulikamata saratani ya kutisha kwa wanaume 26 katika kila 100. Mpango wa MRI ulikamata kwa 38 katika kila 100, tena wenye picha safi hawakuchomwa kabisa. Akina baba mnaoogopa kipimo cha tezi dume, someni aya hii mara mbili.

Sindano hii haiishii kuchukua kinyama. Uvimbe mdogo wa ini, hasa usiozidi sentimita tatu, unaweza kuunguzwa kwa joto kupitia ncha ya sindano maalumu. Hapo kulenga kunatakiwa zaidi, maana ukiunguza pembeni umeliacha shina.

KWETU, MUHIMBILI

Tawi hili la udaktari huitwa tiba radiolojia. Kwa miaka mingi Tanzania haikuwa na mahali pa kulisomea. Oktoba 2018 ulianza mpango wa Muhimbili na madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, akiwemo Fabian Laage Gaupp. Kila mwezi walikuja daktari, muuguzi na fundi wa picha, wakafundisha wenzao wa hapa kwa vitendo, kisha kikaja kikundi kingine. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaweka masomo ya shahada ya uzamili, na mwaka 2021 wakapatikana wahitimu wa kwanza.

Mimi naona jambo la kupendeza hapa ni kwamba hawakuanza kwa kuleta mashine ya ajabu. Walianza na watu. Ultrasaundi na siti-skani zilikuwapo. Kilichokosekana ni mikono iliyozoea kuzitumia pamoja.

Mkazi wa Tandale hafiki Muhimbili kwa kujipeleka tu. Huanzia kituo cha afya, akapewa rufaa kwenda Mwananyamala, na kutoka huko Muhimbili, au Taasisi ya Saratani Ocean Road pale ufukweni. Safari yenyewe ni fupi kwa daladala, lakini ni ndefu kwa mtu mwenye hofu.

JE, SINDANO HUTAWANYA SARATANI?

Mwanakisomo mmoja wa darasa letu la jioni, mama mtu mzima, aliniuliza:

"Mwalimu, mdogo wangu kaambiwa akatolewe kinyama kwenye ini. Mtaani wanasema uvimbe ukiguswa na chuma unatawanyika. Aende asiende?"

Mzee mmoja akadakia, "Mimi namjua mtu alichomwa, miezi mitatu hayupo."

Darasa lote likanyamaza kunitazama. Nikamuuliza yule mzee, "Mzee wangu, huyo mtu kabla ya kuchomwa alikuwa ameugua muda gani?"

"Ah, muda. Mwaka na zaidi, alikuwa kwa waganga."

Basi hapo ndipo penye fundo. Wengi wetu huenda kuchomwa sindano ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Mtu akifa, lawama inaiangukia sindano, kwa kuwa ndiyo ya mwisho kuonekana.

Hata hivyo nisiwadanganye. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Chembe za saratani zinaweza kunasa kwenye njia ya sindano inapotoka. Kwa saratani ya ini, uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliotolewa mwaka 2008 ulikuta hali hiyo kwa wagonjwa 27 hivi katika kila 1,000. Kwa hiyo wapo, ila ni wachache. Ili kuwapunguza zaidi, daktari anaweza kuingiza kwanza sindano ya nje, kama ala ya kisu, kisha ile ya kukata ikapita ndani yake bila kugusa nyama ya njiani. Upo pia uvimbe usiochomwa kabisa. Korodani yenye shaka ya saratani kwa kawaida haichomwi, na baadhi ya uvimbe wa ini hutambulika kwa siti-skani peke yake. Kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kuuliza: "Dokta, hii lazima ichomwe? Mtaiona kwa picha gani?" Hayo ni maswali ya mtu aliyesoma, si ya mbishi.

Hatari nyingine ni damu kuvuja, na kwa pafu, hewa kutoka na kulibana pafu. Ndiyo maana damu hupimwa kwanza kama inaganda vizuri, na ndiyo maana baada ya kuchomwa hulazwa saa kadhaa ukiangaliwa. Kama unatumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, sema mapema. Usiiache kwa uamuzi wako, na usiifiche. Dawa za mitishamba nazo zitaje. Hakuna wa kukucheka.

KAZI YA MGONJWA

Mdogo wake yule mama alikwenda. Alipofika akaulizwa, "Picha zako za siti-skani ziko wapi?" Zilikuwa kijijini, Kilosa, juu ya kabati. Alizipiga hospitali nyingine, akaona zimekwisha kazi. Mwanawe akapanda basi kuzifuata, na siku ya kuchomwa ikasogezwa mbele.

Umeshaelewa kwa nini aliulizwa. Picha ile si cheti cha kuonyesha kwamba ulipimwa. Ni nusu ya macho ya sindano. Ukipigwa siti-skani au MRI, omba filamu zake na sidii yake, pamoja na karatasi ya majibu. Weka vyote kwenye mfuko wa nailoni, mahali pa juu. Sisi wa bondeni tunajua Mto Ng'ombe unavyoingia ndani bila hodi. Filamu usiikunje, na watoto wasiichezee. Kila unapokwenda kwa ajili ya ugonjwa ule, nenda nazo. Ikiwa picha ina miezi mingi daktari anaweza kutaka mpya, kwa sababu uvimbe hukua na alama huhama. Lakini hata hiyo ya zamani inamwambia umekua kwa kasi gani. Kama fedha ya picha mpya haipo, usipotee kimya kimya. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali.

Kazi ya pili ni pumzi. Watu wengi hawaijui hii. Ini limening'inia chini ya kiwambo cha kupumulia. Ukivuta pumzi hushuka sentimita moja, mbili, hata zaidi. Siti-skani ulipigwa umeambiwa, "Vuta pumzi, shika." Sasa siku ya sindano ukipumua kwa namna nyingine, picha mbili zile hazitalingana: moja inasema uvimbe uko hapa, nyingine inasema pale. Kompyuta haikusaidii hapo, inaunganisha tu kile ilichopewa. Kwa hiyo unapoambiwa ushike pumzi, ishike vile vile kama ulivyoishika mara ya kwanza, usijaze kifua kwa pupa. Utachomwa ganzi kwenye ngozi, utasikia kusukumwa zaidi kuliko maumivu. Kukohoa kukikujia, sema kabla hujakohoa.

Unaweza kujifunza nyumbani. Lala chali, weka mkono chini ya mbavu za kulia, vuta pumzi ya kawaida, hesabu mpaka kumi, achia. Rudia mpaka kila pumzi ilingane na mwenzake. Tulijaribu darasani. Yule mzee aliyedakia ndiye aliyetushinda wote. Kumbe ujanani alikuwa mzamiaji wa pweza Kunduchi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Bambo na sindano ya kuchukua kinyama vinafanana kwa lipi? Vinatofautiana kwa lipi?

2. Kwa nini utumbo wenye gesi humzuia daktari kuona kwa ultrasaundi?

3. Jirani yako ana picha za siti-skani za mwaka huu na anataka kuzichoma pamoja na takataka. Utamweleza nini?

4. Chora mtaa wako mara mbili: kwanza kama ndege anavyouona, kisha kama mtu anayepita njiani. Weka alama tatu zinazoonekana kwenye michoro yote miwili. Mpe mwenzako michoro hiyo, umwambie kisima kiko wapi kwenye mmoja, naye akitafute kwenye mwingine.